Hadithi Zinazoishia Langoni: Kusoma Maandishi ya Wanafunzi wa Kiungani

Mwaka 1887 kilitoka London kitabu kilichoitwa Kiungani. Ukurasa wake wa kwanza unasema kimeandikwa na wavulana wa shule za Universities' Mission to Central Africa, misheni ya Kianglikana ambayo watu wa pwani walizoea kuiita kwa herufi zake nne, UMCA. Panatajwa pia aliyekitafsiri na kukihariri: A. C. Madan, msomi wa Oxford, yule yule ambaye baadaye alitupatia kamusi za mwaka 1894 na 1903. Mtafsiri ana jina. Waandishi ni "wavulana" tu. Na ukiingia ndani, hadithi zinatambulishwa kwa makabila: huyu Myao, huyu Mmakua, huyu wa Nyasa. Kabila limekalia kiti cha jina la mtu.

Wanahistoria wamekitumia kitabu hiki kwa miaka mingi kutafuta habari za biashara ya watumwa: njia za misafara, bei, vita vya bara. Wamefanya vema. Mimi nataka kukisoma kwa njia nyingine, kama maandishi ya shule. Swali langu ni moja: kitabu chenye jina la shule kinatuambia nini kuhusu shule hiyo? Jibu langu ni kwamba kinatuambia kidogo sana, na chanzo ni umbo lake. Historia yenyewe ya Kiungani imo mahali pengine, katika gazeti dogo lililoanza kuchapwa mwaka mmoja baada ya kitabu. Ninayaandika haya nikiwa na shule zetu za huku Pinga, mashariki ya Kongo, akilini, na sababu itaonekana mbele.

Kwanza shule yenyewe. UMCA ilijaribu kuanza kazi bonde la mto Shire, ikashindwa. Askofu wake wa kwanza, Mackenzie, alifia huko mwaka 1862. Askofu Tozer, aliyemfuata, alihamia Unguja mwaka 1864 akiwa pamoja na Edward Steere. Sultani Majid aliwakabidhi wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa lililokamatwa, na kwa hao watano shule ikaanza. Baadaye misheni ilipata mahali Kiungani, kusini ya mji, na hapo pakakua chuo cha Mtakatifu Andrea: cha kufundisha walimu, wapiga chapa, makatekista na makasisi. John Swedi, mmoja wa wale wavulana wa mwanzo, alifanywa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyesomeshwa hapo, alipewa ukasisi mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufika daraja hilo. Miaka ya 1920 chuo kilihamishiwa Minaki, bara, si mbali na Dar es Salaam, na leo Minaki ni sekondari ya serikali ya Tanzania.

Sasa turudi kwenye kitabu. Hadithi zake zinafuata njia moja. Mtoto yuko nyumbani, na nyumbani pana baba, mama, shamba, mto, wakati mwingine njaa. Vita vinakuja, au deni la mjomba, au hila ya jirani. Mtoto anakamatwa. Anauzwa kwa nguo, anauzwa tena, anavushwa milima, anafika pwani, anapakiwa jahazini. Meli ya kivita ya Waingereza inatokea baharini. Mtoto anatolewa, anapelekwa Unguja, anapewa misheni. Hapo hadithi inapungua pumzi, na punde inakwisha.

Angalia ni nani anayetenda katika mfuatano huo. Mvulana anakamatwa, anafungwa, anauzwa, anapelekwa, anapakiwa, anaokolewa, anapewa. Tangu vita vifike kijijini mpaka anapokabidhiwa kwa walimu, karibu kila kitenzi kikubwa kinatendwa juu yake. Hata uokozi wenyewe ni jambo analofanyiwa. Kwa upande wa ukweli wa maisha, ndivyo ilivyokuwa: mtoto wa miaka minane au kumi katika msafara hakuwa na la kuamua. Lakini umbo linafanya zaidi ya kueleza hali. Linaweka aliyemkamata na aliyemwokoa katika mstari mmoja wa watendaji, likabadilisha nia yao tu, na mvulana akabaki pale pale alipokuwa. Wote tuliolelewa na hadithi za jioni tunajua jinsi -ka- ya masimulizi inavyovuta: tukaenda, tukalala, tukaamka, nikauzwa. Kiambishi hicho hakiulizi kwa nini. Kinafaa sana kwa safari ambayo msafiri hajui inaelekea wapi, na ninaamini wavulana wale, walioandika kwa Kiswahili na kusomwa kwa Kiingereza, walikitegemea kuliko kitu kingine chochote.

Kuna jambo moja katika hadithi hizi ambalo linanigusa kila ninapolisoma, na hapa nitakaa kidogo. Watoto waliosafirishwa baharini walikuwa wameambiwa na wenye majahazi kwamba Wazungu hula watu. Meli ya Kiingereza inapokaribia, kinachowapata watoto ni hofu kuu, wala hakuna furaha ya kuokolewa. Sasa fikiria ni nani anayeandika. Ni kijana wa shule, amekwisha kukaa miaka kadhaa na Wazungu, anajua hakuliwa, ameketi mbele ya karatasi aliyopewa na Mzungu. Angeweza kuicheka hofu ile, au kuifuta, au kuifungia ndani ya sentensi ya shukrani. Badala yake anaiacha isimame kama ilivyokuwa siku ile. Mtoto aliyekuwa jahazini na kijana aliyeko darasani wanasimulia kwa wakati mmoja, na kijana hamzibi mdomo mtoto. Hiyo ni kazi ya mwandishi. Hakuna aliyewafundisha kanuni za tawasifu. Wameipata njia hiyo kwa kuwa waaminifu kwa kumbukumbu. Petro Kilekwa, Mbisa wa nchi iliyo leo Zambia aliyewahi kuwa mtumwa, naye anaikumbuka hofu hiyo hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1937. Ni dalili kwamba hofu ile ilikuwa mali ya wote, na kwamba ilikuwa na nguvu ya kudumu nusu karne.

Kwa hiyo siwezi kusema hadithi za mwaka 1887 ni dhaifu. Nasema zimekatwa mahali pabaya. Zinaishia langoni mwa shule. Kengele ya asubuhi, adhabu, chakula, mwenzako wa kitandani anayelia usiku kwa lugha usiyoijua, mwalimu unayempenda na mwalimu unayemwogopa, somo lililokushinda: hayo yote, ambayo ndiyo shule, yamebaki upande wa pili wa ukuta. Msomaji aliyekusudiwa alikuwa Mwingereza mchangiaji wa misheni. Yeye shule aliijua tayari kutokana na ripoti za kila mwaka. Alichotaka kusikia kutoka kwa mvulana ni giza alilotoka. Kwa hiyo mvulana aliulizwa swali moja, ulitoka wapi, akalijibu vizuri kupita kiasi. Hakuulizwa: hapa unaishije?

Madan anastahili kutendewa haki. Aliamini kwamba maneno ya wavulana yanafaa kuchapwa kitabu, wakati ambapo wengi wa kizazi chake waliandika juu ya Waafrika bila kuwauliza chochote. Inawezekana kabisa kwamba kuficha majina kulikuwa na huruma ndani yake. Hata hivyo matokeo ni yale yale: tuna uchungu wa kijana na hatuna jina lake, hatuwezi kumfuata alikokwenda, hatuwezi kujua kama Myao huyu ndiye mwalimu aliyefundisha Masasi au ndiye aliyekufa kwa ndui kabla ya kumaliza masomo.

Linganisha na mtu mwingine wa Unguja wa mwaka huo huo. Februari 1887 mpelelezi Stanley alikuwa Unguja akipatana na mfanyabiashara wa misafara Tippu Tip, Hamed bin Muhammed, na kwa mapatano hayo Tippu Tip akafanywa liwali wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwenye maporomoko ya Stanley, Kisangani ya leo. Miaka michache baadaye, akiwa amestaafu, Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Maandishi hayo yamejaa majina: ya masultani, ya ndugu, ya wadai wa pwani, ya miji. Pembe zinahesabiwa kwa frasila. Sisi wa mashariki ya Kongo tunaisema lugha hii kwa sehemu kubwa kwa sababu misafara ya watu kama yeye ilipita Maniema. Katika maktaba moja ya Kiswahili, basi, mwenye msafara ana jina lake, la baba yake na la babu yake, na mtoto aliyetembea ndani ya misafara ya namna hiyo ana kabila tu. Hili ni suala la umbo kabla ya kuwa suala la siasa: ni nani aliyepewa nafasi ya kujitambulisha katika sentensi ya kwanza.

Mwaka 1888 likaja lile gazeti dogo, Msimulizi. Lilichapwa Kiungani, kwa Kiswahili, mara sita kwa mwaka, na wavulana wa shule wakashiriki kuliandika na kulipiga chapa. Wanaotafiti historia ya magazeti Tanzania huliweka miongoni mwa magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili. Lakini mtu akilisoma akitafuta habari za dunia hataliona la maana. Limepangwa kwa vituo: Unguja, Magila, Masasi, Newala, Likoma na kwingineko. Kila kituo kinatoa habari zake. Nani amewasili, nani ameondoka, nani ameoa, nani amebatizwa, nani amekufa, mvua imekuwaje, mechi imekwendaje. Ni habari fupi fupi, nyingine sentensi moja.

Umbo hili halina mwanzo wala mwisho, na ndiyo faida yake. Hadithi ya mwaka 1887 ilihitaji kufika mahali, na mahali pale palikuwa misheni. Msimulizi linaanzia pale pale hadithi ile ilipokomea. Langoni unapita, na ndani unakuta watu wenye majina. Majina hayo ni ya ubatizo yakiwa yameunganishwa na ya Kiswahili au ya kwao, kama yalivyo ya John Swedi na Cecil Majaliwa, na kila jina linarudi katika toleo jingine likiwa mahali pengine na kazi nyingine. Mwandishi halazimiki kumweleza msomaji Masasi ni wapi au fulani ni nani. Msomaji alilala naye bweni moja. Anayeandika na anayesoma ni watu wa shule moja waliotawanywa bara yote, na gazeti ndilo uwanja wao wa kukutana.

Vitenzi pia vimegeuka. Katika Msimulizi mvulana wa jana anafundisha, anasafiri, anajenga, anazika, anagombana na mkuu wa kijiji, anacheza mpira. Kiungani ni moja ya mahali ambapo mpira wa miguu ulianza Unguja, na habari za michezo zimewekwa humo kwa uzito ule ule wa habari za ibada. Mtu akisema hayo ni mambo madogo, nitamwambia kwamba ni katika mambo madogo hayo ndipo mtoto aliyeuzwa kwa kipande cha nguo anaonekana kwa mara ya kwanza akifanya jambo kwa hiari yake, mbele ya mashahidi wanaomjua.

Kasoro zake zipo. Gazeti lilikuwa chini ya macho ya misheni, na malalamiko makubwa hayakuwa na nafasi humo. Wasichana wa Mbweni, ambako misheni ilikuwa na shule yao na kijiji cha watu walioachwa huru, wanaonekana mara nyingi katika habari za ndoa kuliko katika habari za kazi yao wenyewe, ijapokuwa walikuwa walimu pia. Na orodha ya majina haiwezi kutupa kile ambacho hadithi ndefu inaweza: mtu akikaa na nafsi yake. Lakini orodha imefanya jambo ambalo hadithi haikufanya. Imefanya shule ionekane kama jamii, na imetuachia njia ya kumfuata mtu mmoja mmoja.

Vitabu vya baadaye vya watu wa misheni ile naviona kama majaribio ya kuunganisha maumbo hayo mawili. Samwil Sehoza, kasisi wa UMCA, alitoa Mwaka katika Minyororo mwaka 1921, habari za watumishi wa misheni waliofungwa na Wajerumani wakati wa vita ya 1914–1918. Umbo la zamani la kukamatwa na kusafirishwa limerudi, ila mwandishi ana jina, msomaji ni Mswahili, na anayefunga watu minyororo ni serikali ya Kizungu. Kilekwa, niliyemtaja, alisimulia utumwa wake wote, hata mama yake alivyokuja kumkomboa akakosa nguo ya kutosha, kisha hakuishia langoni. Aliendelea hadi ukasisi wake Nyasaland. Martin Kayamba, aliyezaliwa Mbweni mwaka 1891, mtoto wa familia ya Kiungani, alikwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake Tulivyoona na Tulivyofanya Ingereza. Miaka 45 baada ya kitabu cha Madan, mtoto wa shule ile anawaeleza Waswahili habari za Waingereza, kwa Kiswahili, na vitenzi viwili vya kichwa cha kitabu chake ni vya kutenda. Kwangu mimi hicho ndicho kilele cha safari nzima ya umbo hili.

Sasa Pinga. Mji wetu umekaa pale Masisi inapokutana na Walikale, kwa Wahunde na Wanyanga, na shule za sekondari tunazoziita Institut nyingi zimetoka mikononi mwa misheni. Mobutu alizitaifisha shule mwaka 1974. Kwa mkataba wa mwaka 1977 makanisa yakarudishiwa kuziendesha, serikali ikibaki na mitihani na mishahara. Historia za shule za aina hii, zinapoandikwa, huandikwa wakati wa yubilei, na nyingi zina umbo ambalo sasa tunaweza kulitambua. Anatajwa padri au mchungaji aliyeanzisha, mwaka wa jiwe la msingi, wakuu waliofuata mmoja baada ya mwingine, wafadhili wa mabati. Wanafunzi wanaingia kama hesabu. Ni kitabu cha mwaka 1887 kwa nguo nyingine: mtendaji ana jina, mwanafunzi ni wa kundi.

Nasi hatuna kisingizio cha kukosa mfano. Wanyanga wa msitu huu wana utenzi wa Mwindo, uliorekodiwa mwaka 1956 na kuchapwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, naye mwana wa Wanyanga. Jina la fundi aliyeusimulia, Candi Rureke, limehifadhiwa kitabuni, na kila anayeusoma leo anajua ni sauti ya nani.

Na shuleni kwenyewe umbo la Msimulizi tunalo, tunalisikia kila mwisho wa mwaka. Siku ya proklamasyo wazazi wanasimama uani tangu asubuhi, prefe, yaani mkuu wa shule, anashika karatasi, anasoma darasa, jina, asilimia. Jina, asilimia. Anaposoma jina la binti aliyekuwa akiuza mihogo barabarani ili alipe ada, kelele zinapanda upande ule walipo watu wake. Anaposoma jina la aliyekosa, panakuwa na kimya kidogo halafu sauti inaendelea. Hakuna hotuba ya yubilei inayotaja shule kwa ukamilifu kama karatasi ile. Lakini jioni karatasi inarudi kabatini, na makabati ya Pinga hayana usalama. Mwaka 2012 na 2013 mapigano yaliwafanya wakazi waukimbie mji na kulala msituni, na hiyo haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho. Familia iliyokimbia na godoro na sufuria haibebi daftari la shule.

Ndiyo maana nawaomba wakuu wa shule, kamati za wazazi na wanafunzi wa zamani walioko Goma, Bukavu, Kampala na kwingineko: msingoje yubilei, wala msimngoje mtu wa mbali aje kuwauliza mlitoka wapi. Anzeni na majina. Chukueni karatasi za proklamasyo zilizobaki, zipigeni picha kwa simu, zipelekeni sehemu zaidi ya moja. Kila darasa limteue mtu mmoja wa kuandika habari fupi za wenzake mara chache kwa mwaka: nani anafundisha Walikale, nani amejifungua, nani ni muuguzi, nani amezikwa na wapi, nani hajulikani alipo tangu vita. Andikeni pia kilichotokea ndani ya lango, masomo, njaa ya bweni, mwalimu aliyefundisha miezi mingi bila mshahara, mechi na shule jirani. Kwa Kiswahili chetu cha huku, bila kusubiri kikae sawa na cha Unguja. Wazee waliosoma katika madarasa ya kwanza bado wapo wachache, waanze wao.